Somo la Maini

Mwaka ule nchi jirani zilipotuwekea vikwazo nilikuwa mwalimu wa lishe katika kituo cha afya cha mtaani kwetu, Buyenzi. Kazi nilipewa kwa sababu nilijua Kiswahili, Kirundi, na Kifaransa cha kutosha kusoma bango. Lilikuwa bango zuri, lazima niseme: mayai, maziwa, samaki mnene, na mboga moja iliyofanana na mti mdogo. Hakuna aliyeijua. Baada ya mabishano tukakubaliana kwamba ni lengalenga la Wazungu, yaani mchicha wao, somo likaendelea.

Nilifundisha kwa ukali. Vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili, na wamama wakiitikia, watoto mgongoni. Ng'ombe hawakushuka tena kutoka milimani, maana njiani kulikuwa na bunduki, na wavuvi walikatazwa kuingia ziwani usiku, kwa hiyo hata ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilikuwa habari za zamani. Mimi niligonga bango kwa kijiti: "Mwenye mimba ale sahani moja zaidi kila siku." Mama mmoja akauliza kwa adabu, "Zaidi ya ipi, mwalimu?" Nikamwambia asiniharibie somo.

Nililolipenda kuliko yote lilikuwa somo la damu. Maini, nilisema, ni ya mjamzito, hata kama ni kipande kimoja. Mwanamume mzima ana damu yake, mwacheni. Wamama walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nyumbani, maini yakipatikana, niliyaweka kwenye sahani ya mume wangu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Haikunipitia akilini kwamba bango lilikuwa linanihusu, ingawa mimba yangu ilikuwa ya miezi saba.

Siku moja nesi akanishusha kope la chini, akatazama, akaacha kutabasamu. Palikuwa peupe. "Dada," akasema, "ukitoka damu nyingi siku ya kujifungua, hospitali haina damu ya kukuongezea. Kula maini. We unajua." Mwezi uliotangulia jirani yangu alikwenda kujifungua na hakurudi. Niliogopa, na kwa aibu ya ualimu wangu sikumwambia mtu.

Ikaja Iddi ya kuchinja. Mume wangu, fundi wa magari, alipata mbuzi mmoja, tena mwembamba. Kwetu aliyechinja hufungua kinywa kwa maini kabla ya nyama nyingine yoyote. Alichinja baada ya swala, akaketi sebuleni na wageni wake kungoja.

Jikoni nikayakaanga maini kwa kitunguu, nikayapakua kwenye sahani yake, nikafunika. Mtoto akanipiga teke tumboni. Nikafunua. Nilikula nimesimama, kipande baada ya kipande, ulimi ukiungua, natafuna huku nalia.

Mume wangu akaingia. "Maini iko wapi?"

"Nimekula. Yote."

Nikamwaga kila kitu: kope, nesi, hospitali isiyo na damu, jirani. Nikamwita mchoyo. Nikamwambia kwamba miaka sita anakula damu yangu mbele ya macho yangu na hajauliza hata siku moja kama mi nimebakiza kitu.

Aliketi kwenye kibao cha kukunia nazi, uso umemshuka. "Mbona haukuniambia kama unaumwa?"

"We ulikuwa unakula!"

"Ni we unaniwekea," akasema polepole. "Mi maini siipendagi, tangu niko mutoto. Niliona unaniwekea kwa heshima, nikasema nikikataa nitakuvunja moyo. Ninakunywaga maji juu yake, inashuka."

Sebuleni mgeni mmoja aliuliza kama kuna shida. Mume wangu akamjibu apana, nyama inakuja.

Nikabaki nimeshika sahani tupu. Angekuwa mlafi tu, ningemsamehe siku ileile.