Walisema Ni Mshipa

Matubwitubwi yalinishika nikiwa na miaka kumi na tano, tukikaa Makurunge. Mashavu yakavimba, mama akanipaka masizi ya chungu, wenzangu wakanicheka wee mpaka wakachoka. Mashavu yalipoanza kupungua, homa ikarudi upya na huku chini kukavimba, pande zote mbili. Hata kujifunga msuli ilikuwa adhabu.

Jambo kama hilo humwambii mama. Nilimwambia babu. Akanitazama, akacheka.

"Mshipa huo, mjukuu wangu. Wanaume wa kwetu wote tunao, wewe umeuwahi tu."

Na kweli, kwetu pwani busha si habari. Babu mwenyewe alikuwa nalo, kanzu zake akizishonesha pana. Akanichemshia mizizi. Uvimbe ukanywea, dawa ikasifiwa mtaa mzima. Ulinywea mpaka korodani zenyewe zikabaki ndogo kuliko zilivyokuwa, lakini hilo nani angeuliza?

Sasa nimeoa, tunakaa Mapinga. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Mama akaanza kumletea mke wangu dawa za kusafisha kizazi, chungu kama shubiri. Anakunywa, anatapika, anakunywa tena. Mwishowe mama akasema amemwona binti mmoja kijijini Mkange. Nimwoe huyo, na huyu arudi kwao.

Nikaenda kupima. Daktari akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi ujanani. Akanieleza kwamba ule haukuwa mshipa: ugonjwa ulishuka kwenye korodani, zikasinyaa. Mbegu hamna. Hata ningewahishwa hospitali, alisema, huenda isingesaidia. Nikasema ahsante. Nikapita dukani, nikanunua sukari, nikarudi nyumbani. Moyoni sikusikia kitu, si uchungu wala hasira. Nikamwambia mke wangu, akanipa pole, tukala.

Ijumaa mama akaja na chupa yake. Nikamwambia mbele ya mke wangu, "Mama, asiyezaa ni mimi. Mwache huyu."

"Astaghfirullah!" Akamimina dawa kikombeni. Kisha akasema, "Haya, wa Mkange tumwache, na huyu akae. Lakini neno hilo lisitoke humu ndani. Na dawa aendelee kunywa, majirani wamuone. Mwanangu asije akachekwa."

Nikafungua mdomo. Mke wangu alishachukua kikombe. Akanywa chote, safari hii hakutapika.

"Nishazoea, mama," akasema.