Karoti Chini ya Leso

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu nilimpoteza mume wangu. Alianguka kutoka juu ya mjengo kule Riruta, asubuhi, kabla ya chai. Kufikia jioni watu wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kianda walikuwa wanasema majini yake ndiyo yamemsukuma.

Majini yenyewe ni haya. Siku ambazo kazi ya mjengo haikupatikana, alikuja Kawangware ninakouza mboga, akasimama karibu na meza yangu. Alifunika kidole gumba kwa leso, akaomba msumari kwa mtu yeyote, akauchomeka kidoleni hadi ukatokea upande wa pili. Watu waliruka nyuma. "Wuui! Huyu baba ni mzima kweli?" Kuna mama aliyewahi kuangusha nyanya zake zote akakimbia. Leso ikitoka, kidole kilikuwa kizima, anakichezesha mbele ya macho yao. Pia alitoa shilingi kwenye masikio ya watu. Wakishacheka, walinunua mboga yangu ya sukuma. Mimi pia nilicheka.

Kwetu, mtu akifia Nairobi, kanisa lake humwimbia kabla hajasafirishwa. Akifika nyumbani Western bila kuimbiwa, wazee huuliza alikuwa amefanya nini. Alhamisi tuliwangoja akina mama wa kanisa. Hawakuja. Ijumaa hawakuja. Sikuweza kukaa. Nilifagia chumba kilichokuwa kimefagiliwa, nikatembea hadi mtaa wa Olympic bila kazi yoyote, nikarudi, nikatoka tena. Mwili ulikuwa uondoke Jumapili.

Jumamosi mchana mama kiongozi alifika na wenzake wachache, wamevaa vilemba vyeupe. Ngoma waliiacha nje ya mlango. Niliiona.

"Pole sana, mama watoto," alisema. "Lakini tuambie ukweli. Sisi hatuwezi kumwimbia mtu wa majini."

"Hakuwa na majini, mama. Alikuwa na karoti."

Walitazamana. "Karoti gani tena?" mmoja akauliza.

Mume wangu alikuwa amenikataza nisimwambie mtu. Hata watoto hawakujua. Nilitoa karoti moja kwenye gunia langu la sokoni, nyembamba kama kidole, kama zile nilizokuwa nikimchagulia, nikawaonyesha wote. Nilikunja gumba ndani ya ngumi, nikasimamisha karoti mahali pake, nikafunika kwa leso yake. Nikaomba pini. Mama kiongozi akachomoa moja kwenye kilemba chake. Nilipoichoma, alipiga kelele akanishika mkono, ilhali karoti alikuwa ameiona sasa hivi tu.

"Ai, mama, wewe tena!" wenzake walicheka, halafu wakafunika midomo kwa sababu ya msiba.

Yule aliyeuliza kwanza hakucheka. "Na ile ya shilingi?"

"Hiyo sijui."

"Hujui aje, na huyu ni bwanako?"

"Nilimuuliza miaka mingi. Alikataa kabisa."

"Mnaona? Sasa hiyo ndiyo ya majini."

Ningeweza kusema alikuwa anaificha shilingi mkononi. Pengine ndivyo alivyofanya. Lakini sikuwahi kuona, na mdomo wangu ulikataa kusema nimeona. Nilisimama pale na ile leso mkononi, nikifikiria gari la kesho na wazee watakaolingoja.

Mama kiongozi aliniondolea leso taratibu. Akachomoa pini yake, akairudisha kwenye kilemba. Akainusa karoti. Akaiuma, akatafuna, sote tukimtazama mpaka akameza.

"Huyu angetaka kutudanganya," aliwaambia wenzake, "si angesema anajua zote? Leteni ngoma."

Yule aliyeuliza kuhusu shilingi alisonya, lakini ndiye aliyetoka kuichukua. Chumba hakikututosha, kwa hivyo tulisimama uani, kati ya kamba za nguo. Walipoanza kuimba, jirani wa mlango wa pili alizima redio yake.