Gunia la Nne

Gari la babu halipandwi, linavumiliwa. Ni lile la kwenda porini, la zamani kuliko mama yangu, na springi zake ni vyuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati za juzi, na ugumu ni uleule. Likikanyaga kokoto hapa Kawajense, meno yanapishana mdomoni.

Mwaka huu bibi alialikwa kijijini Mamba, kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wa dada yake. Akamwambia babu mbele ya ugali: "Hilo gari lako nalijaribu mara ya mwisho. Mgongo ukiniuma, hata kidogo, Jumatatu naita watu wa vyuma chakavu."

Babu akaacha kutafuna. Mimi nikaacha kula kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Babu aliniahidi kunifundisha kuendesha nikimaliza kidato cha nne, na nimebakiza mwaka mmoja. Likiuzwa nitajifunzia nini, toroli?

"Mume wangu," bibi akanigeukia, maana ndivyo anavyoniita kumchokoza babu, "mbona umenuna?"

"Nauonea huruma mgongo wako, bibi."

"Muongo kama mwenzako."

Jumamosi tukaingia chini ya gari. Babu akasugua kutu, akapaka grisi kati ya chuma na chuma, halafu kwenye kila springi ya nyuma tukachomoa vyuma vitatu. Kipimo kilikuwa mimi kukaa nyuma na kikombe cha uji, babu akizunguka mtaa. Kabla ya kazi, uji uliishia kwenye nyusi. Baada ya kazi, kidevuni.

"Sayansi hiyo," babu akasema. Vyuma sita akavisukuma chini ya kiti cha gari. Babu hatupi chuma; hata msumari uliopinda anautunza kama cheti.

Safari ikawa ya kitajiri. Bibi alikoroma kutoka Sitalike mpaka Kibaoni, mbugani kote, mbung'o wakimng'ata shingoni asiamke. Babu akawa anamtupia jicho kila saa, kama mwanafunzi anayechungulia mtihani wake ukisahihishwa.

Mamba tukasali, tukala, tukacheza. Wakati wa kuaga ndipo tukakumbuka jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, isipokuwa sisi wanasayansi: huondoki Mamba mikono mitupu. Dada yake bibi akaleta magunia manne ya mpunga, na jogoo juu yake. Gunia la kwanza, gari likainama. La pili, likapiga magoti. La nne, matairi yakagusa bodi, na babu alipojaribu kuondoka yakalia kama mbuzi anayeogeshwa. Harufu ya mpira ikafika meza kuu.

"Tuache mawili," babu akanong'ona.

"Nimwambie dada nini? Kwamba zawadi yake nzito?" Bibi akashuka, akachungulia uvunguni. "Nyie, mmetoa nini humu?"

Babu akaangalia mawingu. Mimi nikamwangalia jogoo.

"Nimewauliza nyie wawili, sijamuuliza jogoo!"

Tukakiri. Magunia yakashushwa, babu akavua koti alilofungia ndoa, mimi shati jeupe, tukalala chini kurudisha vyuma vyote sita. Wanakwaya wakasogeza viti kabisa. Kila nati ikikaza wanapiga vigelegele, kila nati ikianguka babu anaambiwa aimbe pambio.

Tulipoondoka na mzigo wote, babu na mimi tulisubiri hukumu. Makorongo yakaja, matuta yakaja, rasta za barabarani zikaja. Hakuna aliyeruka. Gari lilikuwa laini kuliko hata wakati wa kwenda! Kumbe gari halikuwa na roho mbaya miaka yote hiyo. Lilikuwa na njaa ya mzigo.

Nyumbani bibi akashuka, akajinyoosha huku na kule akiutafuta ugonjwa mgongoni. Akaukosa.

"Haliuzwi," akasema. "Ila lisinibebe tena bila magunia."

Mpunga ulishakobolewa na kuliwa. Sasa kila Jumapili, bibi akienda misa, babu anapakia nyuma magunia matatu ya mchanga. La nne ni mimi. Nimemuuliza mafunzo ya udereva yataanza lini, akasema kwanza nijifunze kutulia. Gunia haliongei.