Niligawa Chombo cha Binti Yangu, Nikamsingizia Paka

Admin, jina langu nifichie, mji acha wajue. Mimi ni wa Malindi, umri wangu miaka ishirini na saba. Nina binti wa miaka minane na mwengine wa mkononi, miezi mitano, ambaye bado hajajua kuwa usiku ni wa kulala. Mume wangu yuko Uarabuni, ni dereva, aliondoka mimba ya huyu mdogo ikiwa changa, mwaka wa pili huu hatujamwona. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ninavyosema.

Binti yangu anapenda vile vitofali vya plastiki vya watoto, vya kupachika kimoja juu ya chengine. Vyake ni vya mtumba, nilivinunua sokoni vimechanganywa mfukoni, havina sanduku wala picha ya kufuata. Sasa kuna filamu ya chombo cha angani, watoto wote mtaani wameiona, na yeye aliitazama na babake kabla hajasafiri. Akasema atakiunda chombo kile kile. Na kweli alikiunda, yeye na babake kwa simu. Baba anaitazama filamu kule kwake, anaisimamisha pale chombo kinapogeuka, anapiga picha bawa la nyuma, anamtumia. Mtoto anabomoa, anapachika upya. Bawa moja lilikuwa la kijani na jengine jekundu, lakini mtu aliyeiona filamu akikitazama tu anakijua.

Ndani aliweka watu. Kwenye filamu rubani yuko peke yake. Yeye alimweka babake kwenye usukani, na yeye mwenyewe kando yake amempakata mdogo wake. Nyuma kabisa kuna mtu amelazwa. Nikamuuliza, huyu kafa?

"Ni wewe, Mama. Umelala. Humu hakuna wa kukuamsha."

Nilicheka siku ile. Sasa nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Siku ya Idi alikuja wifi yangu kutoka Tezo, dada mkubwa wa mume wangu, na mwanawe wa miaka minne. Mimi tangu alfajiri niko jikoni, mtoto mgongoni. Binti yangu nilimtuma apeleke sahani za pilau kwa majirani, nyumba hadi nyumba, kama ilivyo ada. Huku nyuma mtoto wa wifi akakiona chombo juu ya friji, akakililia. Nikampa kaimati, nikampa simu, hataki. Nikasema kwa upole kuwa kile ni cha dadake, amngoje arudi. Wifi akamvuta mwanawe, wala hakunitazama.

"Wacha, mwanangu. Vitu vya watu wenye mtu wao Uarabuni havishikwi."

Neno lile liliniingia. Kwetu mtoto wa mgeni haondoki akilia siku ya sikukuu, na mimi nikaona kesho ukoo mzima utaambiwa nimeota kiburi. Nikakishusha kile chombo, nikampa mtoto kwa mkono wangu, nikamwambia ni chako. Wifi akasema alikuwa akinitania tu, nikiweke. Mimi ndiye niliyeshikilia wakichukue. Kwa hiyo sitawadanganya hapa kwamba nililazimishwa.

Binti yangu akarudi na sahani tupu, wageni washaondoka, akatazama juu ya friji. Sijui ulimi wangu ulitoka wapi. Nikamwambia paka aliruka, kikaanguka, kikavunjika, nikafagia nikatupa kwenye shimo la taka na taka zishachomwa. Hakulia. Alitoka na kijiti akachokora jivu, na nguo yake ya Idi. Aliporudi mikono ni myeusi, akaniuliza, "Mama, plastiki ikiungua si huacha donge?" Nikamwambia aende akanawe.

Babake alipopiga simu naye nikamweleza ya paka. Akasema hapana neno, wataanza tena. Nao wameanza, kwa vitofali vichache vilivyobaki, na havitoshi hata bawa.

Na yule paka niliyemsingizia alikuwa rafiki wa binti yangu, vichwa vya samaki vyote ni vyake. Sasa akija anafungiwa mlango. Analia nje, na binti yangu hainui uso. "Avumilie," anasema. "Na mimi nimevumilia."

Juzi wifi akapiga simu, ana furaha tele, anataka shule zikifungwa nimpeleke binti yangu kwake Tezo. Katika mazungumzo akaniambia chombo amekiweka juu ya kabati la vyombo, mwanawe hamruhusu hata kukigusa, kila mgeni anaonyeshwa kazi ya mtoto wa nduguye. Kumbe ni kizima. Kumbe yule mtu wa nyuma bado amelala mle. Na binti yangu kashafunga vitofali vyake kwenye kitambaa, anasema akamfundishe nduguye kuunda.

Tafadhalini msiniambie nimnunulie vipya. Vipya vitapatikana, lakini si vile walivyopachika yeye na babake. Nikisema haendi, nitakuwa nimeongeza uwongo wa tatu. Nikimpigia wifi nikidai kitu nilichokitoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwetu hiyo ni aibu ya kukaa miaka, na mume wangu ndiye atakayeulizwa ameoa mwanamke gani. Kumwambia mtoto kweli ndiyo sawa, najua. Ila huyu ndiye ninayemchapa akisema uwongo. Nitamtazamaje?

Ninapoandika haya paka yuko mlangoni analia, na binti yangu yuko sakafuni kakifungua kitambaa, anapanga vitofali, amempa mgongo. Mama zangu, dada zangu, mliowahi kumkosea mtoto mkalazimika kumwomba radhi, niambieni mlianzaje. Nianze kwa wifi au nianze kwa mwanangu? Na nikishamwambia, akiniuliza "Mama, kwa nini?", nimjibu nini?