Shemeki amekula dawa yangu kama karanga

Jamani, hata sasa niko na hasira.

Docteur alinipa vidonge vya kulegeza misuli, sababu mugongo ilinikamata. Akanionya: "Papa, pombe hapana. Kuendesha hapana. Na usigawie mutu." Mimi nilisoma mpaka quatrième primaire tu, darasa la ine, lakini nilielewa!

Leo shemeki yangu amekuja kunisalimia hapa Muhumba, na dada yangu nyuma ya pikipiki yake.

Nilienda chooni kidogo tu. Kurudi, mutu amejigawia vidonge viwili, anavishusha na pombe ya ndizi.

"Na mimi mugongo inaniuma," eti. Mutu muzima na mvi zake!

Kidogo tu, macho nusu. Mate inamwagika ndani ya sahani yangu ya sombe, majani ya muhogo. Sombe yangu! Halafu anasimama, anayumba:

"Maman, panda, turudi Kamanyola."

Kwa ile barabara ya milima na makorongo? Na dada yangu nyuma?

Nikanyakua ufunguo wa pikipiki, nikautia ndani ya kaptula, mbele kabisa.

"Njoo uuchukue, kama uko mwanaume."

Akaangalia kaptula. Akaniangalia. Akaanguka kwenye kiti.

Infirmière jirani, muuguzi wa hospitali, amemulaza ubavu, anasema anapumua muzuri. Iko anakoroma mudomo wazi, nzi wanaingia na kutoka. Pfuu!

Dada yangu amenuna: "Yaya, kaka yangu mukubwa, umemupatisha bwana yangu aibu."

Nuna, dada. Nuna mpaka kesho. Afazali nikuone umenuna kuliko nikuone ndani ya sanduku.

Ninyi mungemupa ufunguo?