Kigingi cha Chumbani kwa Mama Mkwe

Sifuna alikuwa mgonga vigingi, na msimcheke, maana hakuna barabara iliyopita popote bila mtu kama yeye kutangulia na nyundo. Tangu mwaka wa sitini na sita aliwafuata wapima ardhi, kuanzia katikati ya Nairobi hadi Karen, na hakuwahi kuuliza kigingi kinaangukia kwa nani. Safari hii alijua. Barabara mpya ilikuwa inaelekea Waithaka, na kila jioni alipoutazama mstari aliuona unakwenda moja kwa moja kwa Munyiva, mjane wa Mungai, mama mzazi wa mkewe Kanini. Na kilipo kigingi, nyumba haibaki.

Siku tatu hakutulia. Chakula hakimshuki, na Kanini akimuuliza ana nini, anasingizia jino. Angeanzia wapi kumwambia?

Siku ya nne mkanda wa kupimia ukaingia mlangoni kwa mama mkwe, ukapita sebuleni, ukakomea chumbani anakolala.

"Haya, gonga," akasema Athman, mpima ardhi, mtu wa Lamu.

"Bwana Athman, chumbani kwa mama mkwe siingii. Hata mkono hatupeani."

"Ala! Kwetu mama mkwe ndiye anayekupakulia wali. Kazi yangu kupima, yako kugonga. Usipogonga, kesho usije."

Loo, jasho lilivyomtoka! Ana watoto wanne, na kazi mjini haiokotwi. Akapiga hatua moja, akarudi. Akapiga nyingine, akarudi.

Munyiva alikuwa kando ya jiko, leso usoni, anasikia yote. Akamsemesha Athman, maana na mkwe hawasemezani ana kwa ana: "Mwambie aweke nyundo na kigingi chini, asogee."

Sifuna akaviweka, akasogea hadi kwenye migomba. Mama akaviokota, akaingia. Wakasikia ngo, ngo, ngo, humo humo chumbani alimozaliwa Kanini.

Akatoka, akairudisha nyundo palepale chini.

"Mwambie kimekaa," akasema. "Sakafu hiyo niliishindilia kwa miguu yangu mwenyewe, najua palipo laini. Aende akawalishe wajukuu wangu."

Sifuna akaigeukia migomba akalia, mtu mzima na ndevu zake, wala hakujificha. Kisha akaokota nyundo. Kigingi kingine kilikuwa kinamngoja futi mia mbele.