Barua za Laazizi Kwenye Email ya Mke Wangu

Wakuu, email iliyokaa zaidi ya miaka kumi bila kufunguliwa nusura inivunjie ndoa.

Naitwa Hija, fundi simu hapa Bagamoyo mjini. Wivu ninao, siwafichi, na mke wangu Mwanajuma anaujua.

Alikuwa anaomba kazi. Nakala ya cheti chake ilibaki kwenye email ya zamani na nywila kaisahau, akaniomba niifufue.

Kwangu kazi ndogo. Namba ya uthibitisho ikaja kwenye laini yake ileile, ikafunguka, cheti nikakipata. Ningeishia hapo ningelala salama.

Nikaingia kwenye barua zilizotumwa.

"Laazizi wangu, ile kanga uliyonipa nailalia. Njoo unioe, nimechoka kuwa peke yangu."

Nikatazama tarehe. Juni 2013. Mahari yangu ilikuwa imeshafika kwao!

Aisee, niliwaka mwili mzima. Nilisoma tatu, nikashindwa kuendelea. Mimi nahangaikia harusi, mwenzangu anamlilia mwanaume mwingine?

Nikamuuliza. Akasema si maneno yake. Ya nani? Akajibu hiyo ni amana ya mtu, hawezi kuitoa.

Nikaona nafanywa bwege.

Jumamosi nikaita kikao: wajomba zangu wawili, kaka yake Ausi kutoka Makurunge, na mama yangu, Bi Kuruthumu. Nilitaka kutoa talaka, na kila mtu ajue sababu. Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno.

Mwanajuma analia, mdomo kaufunga. Mama kajifunika uso kwa mtandio.

"Basi, Hija," mama akasema. "Mwache mtoto wa watu. Maneno hayo ni yangu."

Nilidhani anamkingia kifua mkwewe. Kumbe Mwanajuma kabla ya ndoa alikuwa anafanya kazi intaneti kafe, na akina mama wasiojua kuandika walikuwa wanamtamkia, yeye anachapa na kutuma kwa email yake. Mama yangu, mjane, alikuwa mmoja wao.

"Laazizi ni Twalib wa Tanga," mama akaendelea. "Yule uliyemrudishia posa."

Nilimkumbuka. Nilisema mama yangu haolewi uzeeni, watu watatucheka.

"Soma ya mwisho," mama akaniambia.

Nikaifungua. "Twalib, mwanangu amekataa, nami nina yeye tu. Oa mwingine. Nitakuombea dua."

Wivu wangu ulishaanza kuumiza watu hata kabla sijaoa.

Mwanajuma alikwenda kwa kaka yake. Nilimfuata mara tatu kumwomba radhi ndipo akarudi.

Mama hakudai radhi. Aliomba nimsomee majibu ya Twalib, yote kumi na moja, na nisome polepole, maana siku zile alisomewa harakaharaka, foleni ilikuwa ndefu.

Wenye wivu wenzangu, mkeo akikwambia jambo ni amana, mwache nayo. Huenda anayesitiriwa ni mama yako.